Kiko Kilichoshtakiwa Cibitoke

Jumamosi nilikuwa kwa fundi seremala wangu kule mtaa wa Cibitoke, nikisubiri atengeneze mguu wa kiti changu, alipoingia bwana mmoja mwenye tai na kuweka kiko mezani.

"Mzee, hii kiko yako inaniunguza ulimi," alisema. "Ile yangu ya zamani ya Ubelgiji haikufanya ivi."

Wateja tuligeuka kutazama. Fundi alikuwa amekichonga kiko hicho kwa mkono wake, na sasa kilishtakiwa mbele ya watu. Alinyoosha kiganja, akapewa kopo la tumbako, akatoa kipande chembamba cha majani yaliyoshindiliwa, akakinusa huku amefumba macho.

"Ni tumbako ya Virginia, ya muzuri kabisa. Inanukia nyasi kavu na asali. Lakini iko na maji mingi, na we unavuta mbio mbio. Kiko haina kosa."

Alikifikicha kipande kile, akakianika juani kwenye karatasi, akarudi kwenye kiti changu. Baada ya kama nusu saa alijaza kiko bila kukandamiza.

"Vuta polepole, kama vile unakunywa chai ya moto."

Bwana alivuta. Sote tulimtazama mdomo. Akavuta tena, akalegeza tai, akaketi juu ya mbao.

"Sasa?" fundi aliuliza.

"Iko sawa. Pardon, mzee. Unitengenezee ingine, ya shemeji yangu wa Ubelgiji."

Mimi sivuti, na daktari wangu husoma safu yangu hii gazetini. Lakini nilirudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba kiko nilikichonga mimi.