Mama Supu na Ndege ya Mabaki ya Sakafu

Mji mzima unamjua Kaisu Huttunen kwa supu. Amepika katika jiko la shule tangu mimi nilipokuwa naingia pale na sinia langu. Kila Alhamisi, siku ya supu ya njegere, alikuwa akizamisha upawa mpaka chini ya sufuria, kwenye nyama, ananimiminia, haniulizi kitu. Mimi si mtu wa maneno. Alilijua hilo, akaniacha.

Kwa hiyo siku alipotujia barafuni, mwezi wa Januari, amejifunga skafu mpaka puani, mimi ndiye niliyemtambua kwanza, kwa mwendo wake tu.

Sisi wa klabu ni watu wachache tunaorusha ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti. Kiangazi tunahangaika, maana kila shamba lina shayiri na kila mwenye shamba ana mdomo. Ziwa likishaganda tunakuwa matajiri. Uwanja ni mpana, umenyooka, na hakuna wa kutufukuza. Tunazivua ndege magurudumu, tunazivalisha vibao vya kuteleza, tunaruka.

"Umepotea njia, Mama Supu?" Ahti alimwuliza. Ahti Rissanen ni dereva wa basi mstaafu na mtunza mali wa klabu. Ulimi wake haujastaafu.

"Sijapotea. Nimewatazama miaka yote hii kupitia dirisha la jikoni, na lile dirisha lina mvuke. Sasa nataka kutazama bila mvuke. Tena nataka kushika mwenyewe."

"Kushika nini?"

"Hicho ulichoshika wewe."

Watu walicheka. Ahti akaanza kumhesabia kwa vidole vya glavu: ndege, mota, betri, chaja, rimoti. "Utauza gari, mama."

"Gari ni la Osmo," Kaisu alisema. Osmo ni mume wake. "Lakini wazo si baya."

Nadhani Ahti alilipenda jibu lile, maana alikwenda kwenye gari lake akarudi na rimoti ya klabu. Ni ya zamani, kona moja imepasuka, na mgongoni imebandikwa utepe mweupe ulioandikwa MALI YA KLABU. Katika mchezo wetu rimoti ndiyo inayomaliza mshahara. Vingine mtu mwenye macho anaweza kuviokota. Hiyo moja klabu humwazima mgeni kwa majira ya barafu. Siku ya mwisho, kabla barafu haijaoza, anajaribiwa mbele ya wote: apae mwenyewe, achore umbo la nane mara mbili angani, kisha atue kati ya misonobari miwili midogo tunayoisimika kwenye theluji. Akiweza, rimoti ni yake moja kwa moja. Akishindwa, inakwenda kwa anayefuata.

"Na anayefuata yupo," Ahti alimwambia. "Jouko wa ng'ambo ya ziwa. Ndege anayo tayari. Atanipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama yako umeshaivunja."

"Hata sijaitengeneza."

"Nitamwambia avute subira."

Kaisu aliiokota ndege yake nyumbani mwake. Kwanza yalikuwepo mabamba ya povu, yale mepesi yanayotandikwa chini ya sakafu ya mbao, yaliyobaki tangu Osmo alipobadilisha sakafu ya sebuleni. Aliyakata kwa kisu cha kumenyea viazi. Ukingo wa mbele wa bawa aliukunja taratibu juu ya mvuke wa birika, maana mvuke ndiyo kazi yake. Ndani ya bawa alitia uti wa mgongo, kipande cha fimbo ya kuvulia samaki.

"Hiyo si fimbo yangu?" Osmo aliuliza. Nilikuwapo, nilikuwa nimewapelekea gundi ya moto.

"Ilishavunjika."

"Najua ilivunjika. Nilikuwa bado naiomboleza."

"Sasa itakwenda mbinguni."

Vibao vya kuteleza alivikata kwenye kifuniko cha kopo la lita tano la aisikrimu ya shule. Mota na vijimota vidogo vya kugeuza mkia alivipata soko la mitumba, kwa kijana aliyepiga ndege yake kwenye paa la kanisa akakata tamaa. Betri mbili na chaja alinunua mpya, na katika hilo nilimuunga mkono, kwa sababu betri ya mtumba inaweza kukuchomea nyumba. Mgongo wa ndege aliuzungushia utepe wa njano, tumbo utepe mwekundu, ili ikiwa juu ajue imelala upande gani. Yote pamoja ilikuwa na uzito wa mkate wa shayiri, na sura haikuwa mbali sana na mkate.

Aliipenda kupita kiasi. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Jumamosi ya kwanza aliileta kutoka sebuleni, imelala kando ya jiko la kuni usiku kucha, kisha imefunikwa blanketi la sufi ndani ya gari lenye joto. Betri, kwa kuwa ilikuwa kitu tu, aliitupa nyuma kwenye sledi, kile kitoroli cha kuburuta kwenye theluji. Aliiweka ndege juu ya theluji, akasimama wima, akafungua moto kwa kijiti cha rimoti. Mota ililia. Ndege haikusogea hata unywele. Akaongeza. Ndege ikatetemeka, ikang'oka ghafla kibao kimoja tu, ikapiga pua chini na rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, ikaruka vipande.

Ahti alikwenda akaitazama, akapiga magoti, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Supu! Imegandia! Umeitoa jikoni na miguu ya moto, imeyeyusha theluji, theluji imegeuka barafu ikaishika! Mtoto wa chekechea anajua sledi hailali ndani!"

"Nilidhani itaona baridi," Kaisu alisema.

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka hivyo. Kaisu mwenyewe alicheka mwishoni, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa baridi. Jumapili ile Jouko alipopiga simu, Ahti alikuwa na habari ya kumpa.

Kaisu aliitengeneza ndege. Jumamosi iliyofuata alikuwa amejifunza, ila alijifunza kupita mpaka: kila kitu kililala kwenye stoo ya kuni, ndege na betri pamoja. Baridi ilikuwa kali, kamasi zilikuwa zinaganda. Ndege iliteleza vizuri, ikapaa, na Kaisu akatoa sauti ambayo sijui niiite nini, kama mtu anayeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia. Ikageuka mara moja juu ya ziwa. Kisha mota ikafifia kama taa ya mafuta, maana betri iliyoganda haina nguvu, na ndege ikashuka kwenye theluji laini karibu na matete.

Hakuna aliyecheka. Tulimwonyesha sisi tunakoweka betri zetu, kwenye mifuko ya ndani ya koti.

"Kwa hiyo ndege ikae baridini na betri ikae kwenye joto," alisema polepole.

"Ndiyo hivyo."

"Kama samaki na mvuvi."

"Osmo anajua hilo?" Ahti aliuliza.

"Osmo ndiye samaki."

Kilichobaki kilikuwa kile kinachowashinda wengi. Ndege ikienda mbali nawe, kulia ni kulia. Ikigeuka kukujia, kulia inakuwa kushoto, na mkono unadanganyika. Ndipo watu huvunja. Mwezi mzima wa Februari Kaisu aliiangusha kwa njia hiyo, anaibandika, anaiangusha tena, mpaka ikawa na gundi nyingi kuliko povu. Mwishowe aliazima gari dogo la rimoti la kuchezea la mjukuu wa jirani. Kila siku baada ya kuosha masufuria aliliendesha kwenye ukumbi wa kulia chakula, kati ya miguu ya viti, akilituma mbali na kulirudisha kwake. Mlinzi wa shule alisema alimsikia akilikaripia gari kama mtoto asiyemaliza sahani.

Ahti naye, pamoja na kelele zake zote, alimpa neno moja la kumsaidia. "Ikikujia, usifikirie kulia na kushoto. Tazama bawa lililoinama. Sukuma kijiti upande wa bawa hilo, kama unalitilia mto wa kulalia chini yake. Litainuka."

"Mbona hukuniambia Januari?"

"Januari ulikuwa unaifunika blanketi."

Mwisho wa Machi barafu ilianza kubadilika rangi kandokando, na Ahti akatangaza siku. Jua liliwaka, theluji ikalainika juu, lakini upepo wa kusini uliamka asubuhi na kuendelea kuongezeka. Tulichoma soseji pembeni. Osmo alikuwa ameketi juu ya ndoo yake hatua chache kutoka uwanjani, ametoboa tundu la kuvulia kwenye barafu, wavuvi wengine wakiwa mbali zaidi, amegeuza mgongo kana kwamba hajali. Jouko alifika kutoka ng'ambo, mtu mpole, mrefu, ameshika mfuko wa kitambaa uliokunjwa vizuri. Sote tulijua mfuko ule ni wa nini.

"Upepo huu si wa ndege ya povu," Jouko alisema kwa upole. "Mngeahirisha."

"Barafu haiahirishi," Ahti alimjibu. "Mama Supu, ndege iko wapi?"

"Juu ya sledi, tangu alfajiri. Ina baridi kama mkono wa benki."

"Na betri?"

Kaisu alifungua zipu ya koti, akaingiza mkono kifuani, akatoa betri. Mvuke kidogo wa joto la kifuani ulitoka nayo hewani.

"Mahali pa hela," alisema. "Leo hakuna hela, kuna nafasi."

Hata Osmo aligeuka.

Aliielekeza ndege kwenye upepo. Haikuhitaji kuteleza hata urefu wa gari, ikainuka yenyewe kama mtu aliyeitwa. Upepo uliichukua, ukaitupa juu, na kwa muda ilisimama angani juu yetu bila kwenda mbele, inatikisika, kama mwewe anayetafuta panya. Niliviona vidole vya Kaisu. Vilikuwa vinasogea kidogo sana, kama vya mtu anayeonja chumvi.

Nane ya kwanza ilikuwa pana na mbaya. Ya pili ilianza vizuri, lakini kwenye kona upepo uliisukuma ndege mbali, juu ya wavuvi, ikawa kama doa tu. Akaigeuza. Sasa ilikuwa inakuja kwetu moja kwa moja, na bawa moja likaanza kulala, njano inapotea, nyekundu inatokea.

"Mto," Ahti alisema. Ahti alinong'ona. Sikuwahi kumsikia akinong'ona.

"Nimeuona," Kaisu alisema. Kijiti kikaenda upande wa bawa lililolala. Bawa likainuka. Nane ikafungwa.

Ikabaki kutua. Aliishusha kuelekea misonobari, taratibu, lakini ndege nyepesi kwenye upepo haitaki kushuka. Ilielea tu, ikapita juu ya misonobari yote miwili bila kugusa chini.

"Basi," mtu mmoja alisema. Jouko alianza kuukunjua mfuko wake. Hakufanya kwa ubaya. Mikono yake tu ilitangulia.

"Ahti!" Ilikuwa sauti ya Osmo, amesimama, ndoo imeanguka. "Sheria inasema atue kati ya misonobari. Imesema mara ya ngapi?"

"Haikusema," Ahti alikiri.

"Basi muache mke wangu!"

Kaisu hakungoja ruhusa. Alikuwa ameshafungua moto. Mota ilipandisha sauti, ikashika, ndege ikapanda tena, na sote tuliokuwa tukijua mambo ya betri tulitazamana, maana wakati huo betri zetu wenyewe huwa zimeanza kulegea. Yake ilikuwa imelala kifuani asubuhi nzima. Ilivuta kama ndiyo kwanza imewashwa.

Akaizungusha. Safari hii hakuielekeza kwenye misonobari. Aliishusha nyuma kabisa, chini sana, mpaka tukadhani itagonga theluji, kisha akauacha upepo uishike na mota iisukume, upepo unashika, mota inasukuma, na ndege ikaja mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ikafika kati ya misonobari. Akafunga moto. Vibao vya kopo la aisikrimu vikagusa theluji pamoja, kulia na kushoto, vikateleza kidogo, vikasimama.

Kisha Osmo alipiga mluzi, wavuvi wengine wakapiga ndoo zao kwa fimbo, na Jouko akawa wa kwanza kumpa Kaisu mkono, mfuko ukiwa chini ya kwapa.

"Mimi nina ndege ya bei kubwa," alimwambia, "lakini ile sijui kama ningeitua leo."

"Njoo nyumbani," Kaisu alisema. "Mabamba ya sakafu yapo mengi. Na Osmo ana fimbo nyingine."

"Hana!" Osmo alipiga kelele.

Ahti aliichukua rimoti mikononi mwa Kaisu, akaigeuza, akavua glavu. Alikwangua pembe ya ule utepe mweupe kwa ukucha, ukamkatalia kwa baridi, akainamia rimoti na kuuvuta kwa meno mpaka ukabanduka wote. Akaitema MALI YA KLABU juu ya theluji, akamrudishia Kaisu rimoti.

"Haya, chukua chako, Mama Supu. Umeridhika?"

Kaisu alikuwa ameshaingiza mkono kifuani tena. Betri ya pili ilitoka na mvuke wake.

"Bado," alisema. "Ondokeni kwenye njia ya upepo."