Siku Msalaba wa Mama Awinja Uliruka

Wacha niseme aibu kwanza niimalize: siku hiyo mimi, fundi mzima, nilijificha nyuma ya mama wa miaka sitini nikamshika mabega nikipiga nduru, na ni yeye alizima mashine.

Ilikuwa hapa karakana yetu Kayole, ile iko na mashine ya kompyuta ya kukata mbao (shule niliachia kidato cha pili, lakini ukiniona nikibonyeza hiyo kompyuta utadhani nimetoka chuo). Mama Awinja alikuja na ubao wa kichwa cha kitanda, mvule, marehemu mzee wake aliuchonga mwenyewe wakati alikuwa anafanya kazi reli, sasa anataka tumkatie msalaba wa kanisa lao. Ubao ni huo mmoja, hakuna mwingine.

Sasa, ukikata kitu kitoke kwa ubao, unaachanga vidaraja vidogo hujakata, tunaviita vishikio, ndivyo vinashika kipande kisicheze mpaka kisu kimalize, halafu unavitoa na patasi, unapiga msasa. Musyoka, mwenye tunafanya naye kazi, akaniambia, "Buda, weka vishikio vinne." Lakini mama alikuwa amekuja na wenzake watatu wa kwaya kuangalia, na mimi nikataka msalaba utoke safi mbele yao bila kuhangaika na patasi. Nikamjibu, "Wewe kunywa chai."

Raundi ya mwisho, manze, hakuna kitu kimeushika, kisu kikaudaka, ukazunguka kama pia, ukaruka, ukagonga ukuta, mkono mmoja wa msalaba ukakatika, na mimi tayari niko mgongoni mwa mama nalia "Mama! Mama!" huku yeye anapiga ile batani nyekundu.

Akaokota ule mkono, akaupangusa na leso yake.

"Miaka thelathini tumeegemea hii mbao," akasema, "haikuwahi pata hata ufa."

Hakunigombeza (afadhali angenichapa). Nikasema naenda choo, nikakaa huko mpaka wakaenda.

Siku mbili niliunga hiyo kitu na gundi na vijiti vya mvule, na tangu hapo hata nikikata kijiko naacha vishikio, tena sita. Lakini kuupeleka nilishindwa, nikamtuma Musyoka.

Aliporudi nikamuuliza, "Amesemaje juu ya ufa?"

"Ufa hajauliza," akasema. "Ameuliza kama wewe uliumia. Nikamwambia umeumia, lakini si mahali pa kufunga bandeji. Sasa Jumapili oga, anakungoja kanisani."