Kitabu cha Barafu

Kaka yangu hakuwa msomaji. Kule shuleni Myanga alijulikana kwa mikono yake ya upishi. Wageni wakija, mwalimu mkuu alimtuma yeye jikoni. Alipomaliza kidato cha nne alishuka Mombasa kutafuta kazi hotelini, na huko hotelini mtu akamwona, akamchukua awe mpishi wa meli ya mizigo. Sisi wa Bungoma bahari tulikuwa tunaiona kwenye kalenda.

Alipokuja likizo ya kwanza nilidhani angeanza na habari za mawimbi. Akaanza na vitabu.

"Dada, kule shida si maji," aliniambia. "Shida ni kukaa. Kazi ikiisha, hakuna mtandao, hakuna redio, na nyuso ni zile zile. Sasa watu wanasoma. Mimi nimesoma maandishi ya mkebe wa oili mpaka nayajua kwa kichwa. Nimesoma magazeti ya kufungia vitunguu."

Alisema katika chumba cha kulia kulikuwa na sanduku la vitabu vilivyoachwa na mabaharia waliopita, vingi vikiwa vya lugha asizozijua. Vya Kiingereza alikuwa amevimaliza na kuvirudia. Mimi wakati huo nilikuwa nauza katika duka la vitabu na vifaa vya shule mjini Kitale, kwa hiyo aliniona kama mtu aliyekaa juu ya ghala.

"Nitafutie kinene," alisema. "Nyembamba inaisha kabla hatujatoka Mombasa vizuri."

Mwenye duka alikuwa mzee Kalasinga, mpole, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniita beti, yaani binti. Nilipomweleza, alipitia rafu za vitabu vya mitihani akitikisa kichwa, kisha akainama chini ya kaunta akatoa kitabu kizito kisicho na jalada.

"Hii siwezi kuuza, beti. Ngozi yake imetoka. Lakini ndani iko mzuri sana. Nilisoma nikiwa kijana."

Kilikuwa kisa cha meli iliyokwama kwenye barafu kaskazini kabisa mwa dunia, na mabaharia wake waliokaa humo msimu mzima bila kuona jua. Kaka yangu alikifungua, akaona picha ya dubu mweupe, akacheka.

"Barafu? Na mimi naenda kwa jua?"

Lakini kilikuwa kinene. Akakitia kwenye mkoba.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini tuliposikia. Nilikuwa dukani, redio ikisoma habari za saa saba mchana, nikipanga kalamu huku sikio moja likisikiliza. Wakasema meli ya mizigo iliyotoka Mombasa imetekwa na maharamia. Wakataja jina la meli. Nilibaki nimeshika kalamu hadi mteja aliyekuwa mbele yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Myanga mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mama alifunga nyumba, akamwachia jirani ng'ombe, akaja kukaa nami Kitale ili awe karibu na simu. Hakutaka kubaki chumbani peke yake. Kila asubuhi alikuja nami dukani, na mzee akamwekea kigoda nyuma ya kaunta bila kuuliza maswali. Simu yangu ilikaa mbele yetu juu ya daftari za mauzo. Mara kwa mara tuliipigia ofisi ya wakala wa meli huko Mombasa. Mwanamke wa huko alikuwa na sauti nzuri na jibu moja: "Tunawasiliana nao, tafadhali muwe na subira."

Mama hakujua kusoma Kiswahili vizuri. Alizoea Biblia ya Kibukusu na hiyo nayo siku zile ilimshinda, alisema macho yanateleza. Mchana mmoja wateja walipokuwa wachache aliniambia, "Nisomee kitu. Kitu chochote chenye hakina maji."

Nilichukua kitabu kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha ufugaji wa kuku.

Basi tulisoma ufugaji wa kuku. Nilisoma juu ya vifaranga na joto lao, juu ya banda na upepo, juu ya kuku anayekula mayai yake mwenyewe. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akaanza kubishana na mwandishi. "Huyo hajawahi kufuga. Ati umwekee kuku taa! Si atafikiri ni mchana?" Mzee wa duka naye alichangia kutoka upande wake wa rafu. Tulipomaliza tukahamia magonjwa ya nyanya. Najua sasa mambo mengi kuhusu mnyauko wa nyanya, na sijawahi kupanda hata mche mmoja.

Kisha siku moja, mvua ikiwa inanyesha hata tukawa tunapiga kelele kusikizana, simu ikalia. Nambari ilikuwa ndefu, ya ajabu. Mama aliidaka kabla yangu.

"Mama, niko sawa," kaka yangu alisema. Sauti yake ilitoka mbali, lakini ilikuwa yake.

"Unakula?"

"Mimi ndiye mpishi, mama. Nitakosaje kula?"

Mama akanipa simu. "Dada," akasema upesi, "wamesema tuseme maneno machache tu. Usilie. Niko na kile kitabu cha barafu. Tunasoma." Ikakatika.

Niliogopa mama ataanguka. Badala yake alikaa kigodani, akafuta uso kwa leso, akaniuliza, "Amesema anasoma?"

"Amesema wanasoma."

"Basi hapigwi," mama akasema. "Mtu hawezi kupigwa na huku anasoma."

Sikuwa na hakika na hesabu hiyo, lakini niliikubali. Usiku huo nililala bila kuamka.

Mahindi yalikauka. Watu walikuwa wameanza kuvuna upande wa Kiminini, na malori ya mazao yalipita mbele ya duka kutwa. Simu ilipolia nikaona ni nambari ya wakala, na yeye ndiye aliyepiga safari hii, si sisi. Nilijua kabla hajasema. Sauti yake nzuri ilikuwa inatetemeka.

"Wameachiliwa. Wote. Wako kwenye meli nyingine, wanakuja."

Nilimwambia mama kwa Kibukusu, na nikarudia, kwa sababu alinitazama kama mtu asiyejua lugha. Halafu akaketi sakafuni, hapo katikati ya maboksi ya daftari, miguu ameinyoosha kama msichana, akasema, "Ai! Ai!" na kucheka. Mzee wa duka alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akaenda ndani kwake akarudi na chai ya maziwa na sahani ya bajia. Tulikula tukiwa tumesimama. Sijui kwa nini hatukukaa.

Tulimpokea kwenye stendi ya mabasi Bungoma, asubuhi. Alikuwa amekonda, shati alilopewa lilimpwaya mabegani. Mama alimshika masikio yote mawili, akamvuta chini, akamtazama uso kipande kwa kipande. "Ni yeye," alitangaza, kana kwamba tulikuwa tumebisha.

Siku za kwanza nyumbani Myanga alikula na kulala. Mama alitukataza kumuuliza chochote. Alimtengea kiti kizuri, akamnawisha mikono mwenyewe, akazungumza naye kwa sauti ya chini kama anavyozungumza na mchungaji. Kaka alianza kusimulia mwenyewe, tukipukuchua mahindi uani.

Alisema maharamia walichukua simu, saa na viatu. Kitabu alikificha ndani ya pipa la unga. Walipokikuta walikitikisa kuona kama kina pesa, wakakitupa sakafuni. Tangu hapo akasoma hadharani. Kila alasiri wanaume walikaa kivulini sitahani, chuma kikiunguza nyayo, maji ya kunywa yakiwa ya moto na yenye kutu, naye akafungua kitabu akasoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa kwa Kiswahili.

"Wakiona joto limezidi wananiambia, rudia pale pa baridi. Nikarudia. Pale maji yanaganda ndani ya kikombe, nimepasoma mara nyingi sana."

Wale wa barafu, alisema, walikuwa na sanduku la vitabu kama mabaharia wote. Jua lilipopotea, nahodha wao aliogopa watu watarukwa na akili, akafungua shule humo humo melini. Waliojua kusoma wakawafundisha wasiojua, kwa taa ya mafuta ya mnyama wa baharini. Wakajitungia hata gazeti lao la mkono, la habari za nani anakoroma na nani kaiba sukari.

Kwenye meli ya kaka yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Pwani, serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia. Alikuwa amezunguka bahari miaka yote bila kujua herufi. Habari ya ile shule ilimgusa.

"Wale walifunzwa gizani," mzee alisema. "Mimi nina jua lote hili. Nifunze, mwanangu."

Wakachukua makaa ya jikoni na vifuniko vya maboksi, wakaanza na jina lake.

Kitabu walikisoma kwa kubana. Kurasa mbili, basi, hata watu wakilalamika, kwa sababu waliogopa kitaisha kabla yao. Hakikuisha. Siku ya kuachiliwa injini ya meli yao ilikuwa imekufa, wakahamishwa haraka kwenye meli nyingine, na kila mtu alikimbia na alichovaa. Kaka yangu alikumbuka wakiwa tayari mbali. Kitabu kilibaki juu ya gunia la viazi.

"Nikasema kwa sauti, jamani, kitabu! Watu walikuwa wanalia, dada. Halafu serahangi akasema, sisi tumetoka, wale bado wamekwama. Tulicheka mpaka tukashikana."

Wiki chache baadaye, ujumbe uliingia kwenye simu yake, wote kwa herufi kubwa: WALEWABARAFU WALITOKA. Tuliugeuza geuza mpaka kaka yangu akaelewa kwamba ni swali, na kwamba serahangi ameuandika mwenyewe. Alinisomea tena, taratibu, macho yakiwa na maji.

Tulienda Kitale pamoja. Alimsalimu mzee wa duka kwa mikono miwili, na kabla ya chai akauliza, "Mzee, walitoka?"

Mzee hakuuliza ni akina nani. Alivua miwani. "Meli ilivunjika. Lakini watu walitembea juu ya barafu mpaka wakaona meli ingine. Walirudi kwao."

"Wote?"

"Wote."

"Na mbwa wao?"

"Mbwa sikumbuki, kijana."

Kaka yangu alivuta pumzi ndefu, akakaa kwenye kile kigoda cha mama. Kisha akaandika jibu kwa serahangi, kwa herufi kubwa pia, ili asipate taabu.

Hakurudi baharini. Alipata kazi ya kupika kwenye hoteli ndogo Kiminini, na mwisho wa wiki alikuja Myanga. Jumapili moja nilikuwa huko pia. Mama alitoka jikoni na sufuria ya mboga, akajikwaa mlangoni karibu aanguke.

"Nani ameacha viatu hapa?" alifoka. "Wewe! Mtu mzima! Unafikiri mimi ni mtumishi wako? Njoo uondoe hii takataka yako!"

Kaka yangu aliinuka mbio, akaviokota, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza mama kumgombeza tangu arudi. Kaka alikuwa anatabasamu hadi masikioni.