Viatu vya gofu vya Hana vyaanza kazi kwenye mashine ya kusaga

Saa mbili asubuhi, mashine ya kusaga nafaka ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, inanguruma mpaka mabati yanatetemeka. Hana Ngusa anajitwika gunia la mahindi, anapanda ngazi fupi na kulimimina. Unga umemjaa kwenye nyusi, lakini wateja waliopanga foleni hawazitazami. Wanatazama miguu.

Amevaa viatu vya gofu. Vya kiume, rangi ya kahawia.

"Dada Hana, mwenye viatu hivyo umemwacha peku wapi?" anatania mama mmoja. Foleni nzima inaangua kicheko.

"Navizoesha, mama. Wiki ijayo vinavuka mpaka," anajibu, naye akicheka, kisha anafuata gunia jingine.

Hana, 33, ni mtoto wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na kuweka makazi Kasekese, wilayani Tanganyika. Akiwa binti alikwenda kuishi kwa shangazi yake Arusha, akapata kazi ya kubeba mikoba ya wacheza gofu. Jioni, wenye mikoba wakishaondoka, aliruhusiwa kupiga mipira michache. Mkono uliozoea fimbo ya kuchungia haukuchelewa kuelewa.

"Mwalimu mmoja aliniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia, na ndama watoro," anasema.

Alirudi Katavi kumuuguza mama yake, akabaki. Gofu yake ikahamia kwenye uwanja wa majani nyuma ya mashine, wakati wa mapumziko ya mchana, kwa fimbo mbili kuukuu alizopewa siku ya kuagwa.

Mwaka jana wenzake wa zamani walimwita Arusha kwenye mashindano ya wanawake. Aliazima viatu vya rafiki yake. Vilimbana.

"Katikati ya mchezo kidole kilikuwa kimevimba kama nyanya. Nikavivua, nikatembea peku. Mwamuzi akasema hairuhusiwi, nikatoka. Nililia ndani ya basi mpaka Tabora."

Hata hivyo, kuna aliyeuona mkono wake. Mwaka huu ukaja mwaliko wa Ndola, Zambia. Nauli na malazi ni juu ya waandaaji, ila viatu kila mchezaji ajitegemee.

Hana akaenda kwa Fabrice, fundi na muuza viatu vya mtumba katika soko la Mpanda, akamwomba amwekee kila kiatu cha gofu kitakachotoka kwenye belo. Baada ya wiki kadhaa simu ikaita: pea tatu zimepatikana.

Ya kwanza ilikuwa na meno ya chuma. Ilirudishwa pale pale, kwa kuwa klabu ya Ndola hairuhusu chuma kwenye nyasi zake. Ya pili ilikuwa ya kike, nyeupe pe, yenye ua la waridi ubavuni. Ya tatu ndiyo ile ya kahawia: pana, nzito, yenye vimeno vya mpira chini ya soli.

Mdogo wake, Kabula, aliyemsindikiza, hakusita. "Chukua vyeupe, dada. Nyie mkipigwa picha huko, utasimama na viatu kama vya mgambo?"

Moyo wa Hana nao ulikuwa kwenye vyeupe. Fabrice aliliona hilo, hakubishana. Alimpa pea zote mbili aende nazo.

"Hapa ni sakafu, dada, kila kiatu ni kizuri," alimwambia. "Vijaribu jioni, mguu ukiwa umechoka, na soksi utakazochezea. Kesho tembea navyo kwenye majani mabichi. Kitakachokukubali ndicho chako."

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi Hana akaanza na vyeupe. Penye tambarare alitembea kama bibi harusi. Alipofika kwenye mteremko akazungusha fimbo, kisigino kikateleza, akakaa chini kwenye tope kwa kishindo. Kabula alicheka mpaka akashika mbavu.

Akavaa vya kahawia. Vidole vikapata nafasi ya kupumua, kisigino kikatulia. Akapiga mpira mmoja, wa pili, wa tatu. Mguu haukuhama.

"Haya, vaa vya mgambo," Kabula alisalimu amri. "Nitawaambia wapige picha kuanzia magotini kwenda juu."

Tangu siku hiyo Hana amekuwa akivivaa mashineni kila asubuhi, vilainike. Jumatano anapanda basi la Sumbawanga, kisha Tunduma, na kuvuka.

Jumapili jioni simu ya mwandishi wa makala haya inaita. Ni Hana, na nyuma ya sauti yake kuna vifijo.

"Nimemaliza! Mashimo yote, siku zote mbili!" Siku ya pili ilinyesha, anasema, na wengi waliteleza. Yeye ameshika nafasi ya tisa. "Na lengelenge? Hata moja!"

Sasa amerudi mashineni na ana mpango. Baba yake, Ngusa Malale, ambaye zamani aliita gofu "kazi ya kufukuza kitu kisicho na nyama," amemkatia pembe ya malisho yake Kasekese ili afundishe mabinti wa vijiji vya jirani. Wataanza na mashimo manne. Mzee ametoa sharti moja tu: ng'ombe hawaondoki.

"Nimekubali, watatukatia nyasi," anasema Hana, akijifuta unga usoni. "Na binti atakayejifunza kupiga mbali bila kumgusa ng'ombe wa baba, huyo mwakani tunakwenda naye Zambia."