Trela la Zambarau na Mitumbwi Miwili

Miaka ile miwa ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Huku kwetu Kabras watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wengine wakang'oa hata ua wa nyumba, wakapanda miwa. Ukitoka nje asubuhi humwoni jirani, unasikia tu akikohoa. Hewa ilinuka sukari inayochemka kiwandani. Mimi nilikuwa nafundisha mjini Kakamega na kulala mtaa wa Shirere, na kila Jumamosi nikirudi nyumbani nilihisi nimeingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Huenda ulikuwa usingizi wa baba. Kabla ya miwa alikuwa mvushaji katika mto Nzoia, akiwavusha watu kwa mtumbwi kama baba yake alivyofanya. Daraja lilipojengwa akahamia Kabras kulima, na tangu nizaliwe sikuwahi kumwona karibu na maji mengi kuliko ya beseni. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alituambia tumpe tu anachotaka. Alichotaka kilikuwa kimoja: kupiga kasia mtoni mara moja tena, nguvu zikiwapo.

Mtumbwi haukuwa shida. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amerudi kwao na kuacha shuleni kayaki mbili, ile mitumbwi myembamba ambayo mtu hukaa ndani miguu ameinyoosha mbele. Zilikuwa za rangi ya machungwa. Mwalimu mkuu aliniambia nizitoe stoo kabla hajazikata ziwe vyombo vya kunyweshea kuku. Shida ilikuwa kuzifikisha mtoni. Paa la kigari changu lilikuwa limeliwa na kutu. Ukiweka hata godoro, linabonyea. Nilihitaji trela, na kutafuta trela Kakamega msimu wa kuvuna miwa ni sawa na kumwomba mtu akuazime mke wake. Kila chenye magurudumu kilikuwa kinabeba miwa. Fundi wa Lurambi alikubali kuniundia, lakini bei aliyoitaja ilinifanya nicheke mbele yake, naye akakasirika. Mwenye trekta mmoja aliniuliza kama hivyo vitu vinaliwa. Nikamwambia haviliwi. Akaniambia basi nisimpotezee muda.

Ndipo nikaliona trela nyuma ya kanisa moja, limeegemea ukuta. Lilikuwa dogo, imara, refu kiasi cha kutosha kayaki, limepakwa rangi ya zambarau na kuchorwa msalaba mweupe ubavuni. Bei waliyotaka ilikuwa ndogo hata nikadhani wananitania. Hawakunitania. Lilikuwa trela la kubebea majeneza kutoka mochari. Pesa za miwa zilipoingia, waumini walichanga wakanunua lori, na sasa hakuna mtu aliyelitaka trela lile hata kwa kubebea kuni. Najua, rahisi huvunja upishi, lakini mimi sikuwa na kingine cha kupika. Nikalinunua.

Mama alisimama mlangoni na mwiko wa obusuma, ugali wetu, mkononi, akaniambia mgonjwa hapelekwi popote na trela ya maiti, hata kama yeye ameketi mbele kwa gari. Huko, alisema, ni kukionyesha kifo njia ya kuja kwetu. Nilimjibu kwa hasira kwamba kifo hakijawahi kupotea njia. Baba alikuwa ndani akitusikiliza. Akatoka amevaa kofia, akatupita sote wawili, akaenda kuketi garini na kufunga mlango. Mama akamletea sweta.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya miwa. Kayaki tulikuwa tumezifunika kwa turubai jeusi zisiingie vumbi, na hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, maiti ikipita, mwenye baiskeli hushuka, mwenye kofia huivua, mwenye panga huliweka chini. Watu waliona trela wanalolijua, limebeba kitu kirefu, limefunikwa, linakwenda polepole. Barabara nzima ikanyamaza mbele yetu. Wanawake walitua mitungi. Wakata miwa, nyuso zimejaa masizi ya majani yaliyochomwa, walisimama kando kwa mstari, kofia vifuani. Tulipita katikati yao kama watu wanaoota. Niliona aibu, kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu baba alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

"Simama," akaniambia hatimaye.

Nilisimama nikijua safari imeisha, tunarudi nyumbani. Baba akashuka akishikilia mlango. Mkata miwa mmoja wa makamo akamjia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mzee. Ni nani ametuacha?"

Baba akafikiri kidogo. "Ilikuwa iwe mimi," akasema, "lakini nimechelewa. Vaeni kofia, jua inatoka."

Akavuta turubai. Walipoiona ile rangi ya machungwa waliangaliana, kisha kicheko kikaanza kwa mmoja kikaenda mstari mzima. Yule wa makamo akamkatia baba muwa, na baba akautafuna njia yote iliyobaki.

"Nimeona matanga yangu," aliniambia, ameridhika kabisa. "Watu walikuwa wengi."

Mtoni, wachimba mchanga walitusaidia kushusha kayaki. Tulizifunga kwa kamba, ya baba mbele, yangu nyuma, kwa kuwa mimi sikujua kitu. Maji yalikuwa ya kahawia na matulivu. Baba alipiga kasia kama mtu anayekoroga uji asiotaka umwagike, na mgongo wake, ambao nyumbani ulikuwa umepinda, ukanyooka. Nilimwangalia nikagundua kwamba nilikuwa nimeishi miaka yote ile na nusu ya mtu. Tulipofika ng'ambo hakushuka. Alitazama tu mahali nyumba ya mama yake ilipokuwa. Miwa ilikuwa imejaa mpaka majini.

"Hata hapa," akasema.

Tulikaa hapo muda mrefu. Kisha akajaribu kuliinua kasia, akalirudisha magotini.

"Mikono imekataa," akasema. "Sasa wewe nivushe."

Tulibadilisha kamba, nikawa mbele. Nilikuwa nalia, na akaniambia niache, nisije nikaujaza mto. Akanielekeza kwa sauti ya chini: kulia, kulia tena, usipigane na maji. Tulipopita katikati, sauti ikakatika. Kamba ilikuwa bado nzito. Niliogopa kugeuka, kisha nikageuka.

Alikuwa anakoroma, kidevu kifuani, mkono mmoja ukielea majini. Ukingo ulikuwa karibu na wachimba mchanga walishasimama kutupokea. Nikaweka kasia magotini, nikaacha mto utuchukue polepole upande wa chini, kwa maana tukifika ingebidi nimwamshe.