Nilichomoa Waya wa Simu ya Mume Wangu

Kosa ni langu, na simsingizii shetani. Naandika kwa Kiswahili cha Unguja alikozaliwa mama yangu, maana nikiandika kwa lugha ya nyumbani, mji wetu wote wa Mutsamudu utanijua kabla ya adhuhuri.

Mimi ni opereta wa simu posta. Ukitaka kuzungumza na Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, lazima upite mikononi mwangu: nachomeka waya huku, nachomeka kule, mnaongea. Tuliapishwa tusisikilize. Nilikuwa nadokoa kidogo kama wenzangu, harusi ya nani, nani kagombana na nani, basi.

Mume wangu, nimwite Baba Nadia, aliwaendeshea gari wale mamluki wa kizungu huko Moroni miaka mitatu tangu walipoingia kupindua serikali. Kwao ndiko alikojifunza kunywa. Aliporudi kwangu alikuwa mtu mwingine, ukiangusha sufuria anaruka. Aliyoyaona hakuyasema, na mimi niliuliza mpaka nikachoka. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Sasa mtu atalia vipi ndani ya nyumba iliyojaa mama mkwe na mashemeji? Chupa zake alizificha mji jirani wa Mirontsy, kwenye ghala la karafuu alikopata ukarani.

Halafu akaacha. Miezi minne hakunusa pombe. Akaanza kula, akaanza kucheka na Nadia, binti yetu. Badala ya kumshukuru Mungu, nikabaki najiuliza nani kambadilisha, maana si mimi.

Jibu lilitoka kwa Moinecha, mwenzangu wa zamu ya mchana. Hakuwa na nia mbaya. "Dada, shemeji kila Jumanne baada ya alasiri anaomba namba ileile ya Moroni. Nusu saa nzima anaongea."

Nikajua ni mwanamke. Nikamwona huyo mwanamke waziwazi: kijana, wa Itsandra kando ya Moroni, kajipaka liwa usoni, anamchekea mume wangu. Siku zile sikula wala sikusikia la mtu.

Jumanne iliyofuata nikabadilishana zamu na Moinecha. Simu ya ghalani ikaita. Nikajibu kwa Kifaransa, sauti ya kazini, ya puani. Hakunijua. Nikamuunganisha, na visikilizio nikabaki navyo masikioni.

Hakuwa kijana. Kwa mazungumzo yao nikaelewa ni mama mtu mzima, muuguzi, anayepokea simu za watu wenye siri zao. Walioshindwa na pombe na wenye mawazo mazito humpigia siku ya Jumanne, wala hawaulizwi jina. "Mwanangu, wiki hii umelalaje?" alimuuliza. Na mume wangu akalia. Mwanamume ambaye baba yake alipofariki hakutoa chozi mbele yangu, alikuwa anamlilia mwanamke asiyejua hata anaitwa nani.

Mwenye akili angevua visikilizio akamwombea dua yule mama. Mimi nikashikwa na wivu. Bora angekuwa hawara, ningejua pa kumshika! Ni mimi ninayempikia. Ni mimi niliyefua mashuka aliyotapikia. Kwa nini machozi yake yapelekwe Moroni?

Nikachomoa waya.

Alipopiga tena nikamwambia kwa Kifaransa kilekile cha kazini, "Laini ya Moroni mbovu, bwana." Zamu ya Jumanne nikaifanya yangu. Wiki ya pili, mbovu. Ya tatu, mbovu. Ya nne alinibembeleza, "Tafadhali dada, dakika tano tu," nikamwambia ajaribu wiki ijayo. Jioni nikampikia vizuri, nikakaa ubavuni pake, nikingoja sasa anililie mimi. Aliikodolea macho sahani tu.

Wiki ya sita wenzake wa ghalani wakaja kuniita niende hospitali ya Hombo. Pombe ya wazungu hakuipata, akanywa spiriti ya kuwashia karabai iliyokuwa ghalani. Roho ilipona, macho hayakupona. Anaona mwanga na vivuli.

Nilimwambia palepale kitandani kwamba waya niliuchomoa mimi, sikuweza kukaa nalo. Hakunifokea. Akasema, "Mama Nadia, yule mama alikuwa ananifundisha namna ya kukwambia wewe. Tulikuwa tumebakisha kidogo."

Sasa anaishi kwa dada yake Mirontsy. Alitoka kwangu na mfuko mmoja wa nguo, akishikwa mkono na Nadia. Nimekwenda kumwambia laini ni nzima, nitamuunganisha mwenyewe, sitasikiliza, nikaapa kwa msahafu. Amekataa. Anasema simu ile ina sikio. Maneno hayo yameshaenea. Kulikuwa na wengine waliokuwa wakiiomba namba ile, wake kwa waume, na siku hizi Jumanne inapita hakuna anayeiomba. Sijui wanasemea wapi. Nalifikiria hilo kuliko hata ndoa yangu.

Wewe mwenye mume, au mke, au mtoto aliyepata mtu wa kumsikiliza, hata kama mtu huyo si wewe, mwache aseme. Utaumia, najua, mimi niliumia. Umia kimya, umngoje amalize. Na kama kazi yako ni hii yangu, ukishawaunganisha watu, vua visikilizio uviweke mezani.