Salamu ya Kiden

Siku hiyo naikumbuka kwanza kwa vumbi lake, mwanangu. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Barabara ya Koboko ilikuwa bado haijawekwa lami, na kila lori lililopita liliacha nyuma wingu jekundu lililokaa hewani mpaka ukasahau lilianza lini. Jua lilikuwa limefifia, ungeweza kulitazama kwa macho wazi. Watu walitokea langoni mwa hospitali mmoja mmoja, kwanza kivuli, kisha nguo, kisha uso. Hata leo nikifumba macho nawaona wanakuja, na huwa natamani wasifike.

Nilikuwa nesi mpya, kijana wa Vurra, mtoto wa mpakuaji wa malori mpakani. Hospitali yenyewe ilikuwa hapa Arua. Jina lake liache, kosa halikuwa lake. Koti jeupe lilikuwa na miezi miwili tu mwilini mwangu, na kila aliyeingia aliniita dokta. Sikumsahihisha hata mmoja. Unacheka? Cheka tu. Na wewe utaitwa hivyo, tutaona kama utakataa. Kazi yangu ilikuwa mlangoni: kuwatazama wanaofika na kusema nani aingie sasa, nani akae kwenye benchi angoje.

Asubuhi hiyo aliletwa mwendesha bodaboda aliyeanguka karibu na soko. Mguu ulikuwa umechanika, damu inamchuruzika, na sauti yake, wee, ilisikika mpaka barabarani. "Nakufa! Watu ya Mungu, mimi nakufa!" Nikamwinamia, nikaanza kumsafisha kidonda. Benchi zima lilinitazama, nami nilipenda kutazamwa.

Ndipo wakaingia wanawake wawili kutoka Koboko. Mmoja alikuwa mtu mzima, Mama Taban. Mwingine alikuwa mke wa mwanawe, Kiden, ambaye arusi yake ilikuwa haijatimiza mwaka. Walikuwa wamekaa juu ya magunia ya lori tangu alfajiri, na vumbi lilikuwa limewapaka kuanzia kope mpaka vidole vya miguu.

"Dokta," akasema Mama Taban, "huyu binti yangu tumbo iko nauma tangu jana. Jikoni alianguka, halafu akaamka."

Nikainua kichwa. Kiden alinitazama, akashika ukingo wa benchi, akashuka taratibu mpaka magoti yake yakagusa sakafu, kama mabinti wa kwetu wanavyofundishwa kusalimia. "Habari, dokta," akasema kwa sauti ndogo.

Ilinifurahisha, sikufichi. Mke wa mtu kanipigia magoti, mimi ambaye nyumbani mama yangu alikuwa bado ananituma kuni! Nikamsalimia kwa ukamilifu: habari ya Koboko, ya safari, ya nyumbani. Kwa kila swali alijibu "mzuri." Na mimi, bwege wa mabwege, nikaamini. Nani kwetu husalimiwa akajibu vibaya? Hata mwenye maiti ndani huanza na mzuri, ndipo aseme kilichomleta. Hilo nililijua tangu utotoni, lakini koti lilikuwa limenisahaulisha.

Nikawaambia wangoje. Kiden hakuinuka. Alibaki chini vilevile, mkono juu ya benchi, kichwa kimelala juu ya mkono, nami nikajisemea: binti huyu ana adabu kweli. Nikarudi kwa mtu wangu wa bodaboda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa kelele za mwingine.

Sijui ulipita muda gani. Katika kumbukumbu zangu ni mrefu mno, vumbi linaelea mlangoni, mwanga mwekundu umetanda sakafuni, na mimi nashona uzi baada ya uzi bila haraka. Nilikimaliza kidonda. Nilikifunga vizuri, tena kwa mbwembwe.

Sista Candiru, mkubwa wetu, akatoka wodini. Alikuwa mama wa maneno machache. Aliona kabla hajafika.

"Huyu nafanya nini chini?"

"Iko nasalimia, Sista," nikajibu.

Hakunisikiliza. Alikuwa tayari kachuchumaa, anamfuta Kiden uso kwa pindo la aproni yake. Chini ya lile vumbi jekundu ngozi ilikuwa ya kijivu. Akamvuta kope la chini. Ndani kulikuwa kweupe. Akamshika kifundo cha mkono, akatafuta mshipa.

"Adriko!" akaniita. "Huyu hapana salimia. Huyu iko naanguka!"

Tulikimbia naye. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka, na damu ilikuwa ikimjaa tumboni tangu njiani bila tone hata moja kuonekana nje. Daktari alimpasua hima. Kwa miaka mingi, nilipowasimulia wanafunzi kisa hiki, nilisema alipona. Walipenda, nami nililala. Leo nakwambia wewe ukweli: Kiden alikufa kabla ya adhuhuri.

Sista alinikuta naosha mikono iliyokwisha kuwa safi. Nilitarajia matusi. Alinifungia bomba tu, akasema, "Mutu nalia, pumzi iko. Wewe tafuta ule nanyamaza." Kisha akanituma nje kwa Mama Taban, maana aliyepewa mlango hawezi kuukimbia.

Mama Taban alikuwa kwenye benchi lilelile. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanifariji mimi. "Dokta, uliona vile alikusalimia? Hata na maumivu, heshima iko."

"Niliona, mama," nikamjibu.

Sikuona, mwanangu. Niliutazama mwili wake ukishindwa kusimama, nikaona heshima yangu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka pamoja nami.

Basi wewe unayeanza kusimama mlangoni, nisikilize. Siku hizi mna mashine za kubana kidoleni na karatasi za rangi za kuonyesha nani aingie kwanza, na ni vitu vyema, vitumie. Lakini mtu akikwambia mzuri, itikia salamu yake, halafu mguse. Mfute vumbi. Hesabu pumzi yake ukiwa umetulia, tazama kope, sikia kama kiganja kina baridi. Akikaa chini, uliza kama anaweza kusimama. Anayepiga kelele usimdharau, naye ana maumivu. Mwambie angoje kidogo, atakutukana, na matusi hayaui. Benchi lipitie tena na tena, kwa sababu aliyekuwa mzima ulipoanza kazi anaweza asiwe mzima sasa. Na ukiitwa dokta nawe si dokta, sema. Ni neno dogo, lakini laiti ningelisema siku ile, pengine ningekumbuka pia kumwita aliyenizidi.

Mungu akubariki mikono, mwanangu, aifanye myepesi kugusa na mizito kuachilia. Akupe wakubwa wakali wenye macho. Na siku utakapochelewa, maana hata wewe utachelewa, akupe nguvu ya kumjibu mwenye msiba ukweli ambao mimi sikumjibu Mama Taban.